Nambari tasa iliyojificha ndani ya saa za kompyuta

2,147,483,647. Bilioni mbili na ushei. Hii ni nambari tasa: kama 7 au 13, haigawiki bila kubakisha ila kwa moja na kwa yenyewe.

Huipata hivi: zidisha mbili 31 pamoja, kisha toa moja. Nambari za aina hii huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17, na si zote zilizo tasa. Ukizidisha mbili 11 ukatoa moja, wapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kwa hivyo kila moja yataka ushahidi wake.

Ushahidi wa hii yetu aliuleta Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi Saint Petersburg, mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Usidhani alijaribu kugawa kwa kila nambari. Isipogawika kwa chochote hadi 46,340, basi yatosha, maana 46,341 ikijizidisha yenyewe tayari imeipita. Halafu akaonyesha kwamba kigawanyo chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Kazi ya maelfu ikawa ya makumi. Huo ndio uhodari, si wingi wa hesabu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba huenda haitapatikana nambari kamilifu kubwa kuliko ile inayojengwa juu ya hiyo tasa, kwa kuwa ni mambo ya kushangaza tu yasiyo na faida. Maskini Barlow! Mwaka 2024 ilipatikana nambari tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Na faida nayo ipo. Kompyuta huhesabu kwa vitu mfano wa swichi, huwaka au huzima. Mashine nyingi zilitenga swichi 32 kwa nambari moja: moja ya kuonyesha kujumlisha au kutoa, 31 za hesabu. Zote 31 zikiwaka, ndiyo hiyo 2,147,483,647. Kuwa kwake tasa hapo ni sadfa tu, lakini kwengineko utasa wenyewe ndio hutumika: programu za kubahatisha nambari huizungukia hiyo ili zisirudie mapema.

Sasa lililo letu. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Sekunde hizo zitafika kikomo hicho tarehe 19 Januari 2038, kwetu Pwani saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, watu washaswali alfajiri na jua halijachomoza. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itarudi nyuma hadi Desemba 1901, mwezi ambao reli ya kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria.

Simu na kompyuta mpya zimeshahamia swichi 64. Wasiwasi wangu ni mitambo ya zamani, iliyofungwa ukutani ikasahauliwa, na programu za kuweka kumbukumbu ambazo aliyeziandika hayupo tena kazini. Mkopo wa miaka 15 ukichukuliwa leo unavuka tarehe hiyo. Mtoto aliyezaliwa 2020 atatimiza miaka 18, umri wa kitambulisho, mwaka huo huo. Chama chenu cha akiba kikinunua programu, muulizeni muuzaji swali moja: andika tarehe ya mwaka 2040, tuone itakavyosema.