Mwigizaji hulipwa mara moja, kazi yake huonyeshwa mara nyingi

Hadi katikati ya miaka ya 2010, mwigizaji wa filamu jijini Dar es Salaam alikuwa na mnunuzi mmoja wa uhakika: msambazaji wa Kariakoo. Mtayarishaji alipiga filamu kwa siku chache, akapeleka masta kwa msambazaji na kuuza haki zote kwa mkupuo. Katika fedha hiyo hiyo zilitoka posho za waigizaji, nauli, chakula cha lokesheni na kodi ya nyumba iliyopigiwa picha. Sura iliyokaa kwenye kava ndiyo iliyopandisha bei, na hadithi moja ilikatwa sehemu mbili ili mteja anunue diski mbili.

Mfumo huo ulitoa mastaa. Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula walipitia Kaole Sanaa Group, kundi lililoonekana kituo cha ITV, wakawa majina ya kuuza filamu. Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, wengi walisema Bongo Movie, tasnia ya filamu ya Tanzania, imezikwa naye. Naona chanzo cha anguko kilikuwa kingine. Mapato yote yalisimama juu ya diski, na diski yenyewe ilikuwa inakufa. Filamu mpya ilinakiliwa kwenye flashi na kadi za simu, na stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) zilizoanza mwaka 2013 hazikuuzuia unakili huo. Aliyekuwa na sura ya kava tu akabaki bila soko.

Kazi zilirudi kupitia visimbuzi. Maisha Magic Bongo ya DStv na Sinema Zetu ya Azam zilihitaji tamthilia wiki hadi wiki, na tamthilia kama Huba ilitaka kile ambacho filamu haikukitaka: waigizaji wale wale, miezi mfululizo, kwa ratiba inayojulikana. Nairobi ilishazoea hali hiyo. Tamthilia ya vichekesho ya Papa Shirandula ilidumu Citizen TV zaidi ya muongo mmoja. Hakuna kazi ya uigizaji inayokaribia mshahara kuliko hiyo. Hata hivyo mwandishi wa skripti anaweza kumuua mhusika wako kesho, na chaneli ina uhuru wa kuifunga tamthilia msimu ukiisha. Kwa sababu hiyo wanaodumu hawategemei kamera peke yake.

Mfano ninaouheshimu zaidi uko katika shule za sekondari za Kenya. Waigizaji wengi wa Nairobi, hata wale ambao mtazamaji wa televisheni hawajui, wamelishwa kwa miaka na vitabu teule vya fasihi. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa inatahiniwa, makundi ya maigizo yaliizungusha nchi nzima. Ilipoingia Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, yakaikariri hiyo. Kundi hukodi basi, hubeba mavazi na spika, huigiza asubuhi katika shule moja na alasiri katika nyingine. Mtu mmoja hushika nafasi mbili au tatu. Malipo ya onyesho moja ni madogo, lakini maonyesho ni mengi, na mwigizaji hujifunza kitu ambacho lokesheni haifundishi: kulishika jukwaa mbele ya wanafunzi mia kadhaa wanaokijua kitabu kumzidi. Dairekta anayetafuta mtu wa kukariri sini ndefu kwa usiku mmoja anajua ampigie nani simu.

Soko hilo nalo lina tarehe. Darasa la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 litafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Makundi yatalazimika kuufuata mtaala mpya wa sekondari ya juu na vitabu vyake, na yanayosubiri mpaka mwaka huo yatakuwa yamechelewa.

Dar es Salaam ina mlango mwingine, sauti. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilirushwa TBC kwa Kiswahili, na baadaye StarTimes ikawachukua Watanzania kwenda kuingiza sauti Beijing. Azam nayo huingiza Kiswahili katika tamthilia za Kituruki. Kazi ya studio haimuulizi mtu umri, unene wala umaarufu. Inataka pumzi, matamshi na uwezo wa kusoma mdomo wa mwingine. Naamini mwigizaji aliyevuka miaka 40, hasa mwanamke ambaye skripti zimeanza kumpa umama tu, aichukulie kazi hii kwa uzito.

Tangazo la biashara hulipa vizuri zaidi kwa siku, na ndiko watu wanakoumia zaidi. Mwaka 2018, wakati mchekeshaji Mzee Majuto akiugua, Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ikiwamo ya Majuto ya matangazo. Majuto alifariki Agosti mwaka huo. Mkataba wa tangazo unapaswa kutaja muda, eneo na mahali litakapotumika: televisheni, redio, mabango, mitandao. Kimoja kikikosekana, sura yako inaweza kukaa barabarani miaka mitatu kwa malipo ya siku moja.

Kuhusu kodi, mlipaji hukata asilimia 5 ya zuio, Tanzania kwa ada za huduma na Kenya kwa ada za kitaalamu zinazofikia Sh24,000 kwa mwezi. Idai stakabadhi yake. Kwa ajili ya uzeeni, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF wa Tanzania huwapokea waliojiajiri, na mwigizaji ni mmoja wao.

Linaloniuma zaidi ni marudio, ambayo mwigizaji halipwi. Mwigizaji Mzee Ojwang aliwachekesha Wakenya kwa miongo kupitia Vitimbi ya KBC, na macho yalipomsumbua uzeeni, wananchi walimchangia matibabu. Sheria haikosekani kabisa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya imekuwa na chama cha haki za waonyeshaji, PRISK, kinachowahusu waigizaji pamoja na wanamuziki, na Mkataba wa Beijing kuhusu maonyesho ya picha na sauti, ambao Kenya ni mwanachama wake, ulianza kufanya kazi Aprili 2020. Lakini mkataba huo unaruhusu sheria ya nchi kusema kwamba mwigizaji akishakubali kurekodiwa, haki zinakwenda kwa mtayarishaji, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo katika mkataba wao. Kwa hiyo kila kitu kinaamuliwa siku ya kusaini, wakati mwigizaji ana njaa ya kazi na mtayarishaji ameshika kalamu.

Chaneli zina kumbukumbu ya kila kipande kilichorudiwa, saa na tarehe, kwa sababu huuza matangazo katikati yake. Kumbukumbu hiyo hiyo inatosha kukokotoa asilimia ndogo ya mwigizaji kila kipande kinaporudiwa, na vyama vya waigizaji vianze kuidai katika mkataba wa tamthilia ijayo.