Kabla ya Kununua Adapta, Isome Chaja Yako

Anayejiandaa kusafiri ng'ambo huwa na hofu yake kuhusu simu: umeme wa huko si kama wa nyumbani, kwa hiyo akichomeka tu, simu itaungua. Wenye maduka wanaijua hofu hiyo, na ndiyo maana viwanja vya ndege vimejaa vifaa vya bei kali vinavyodaiwa kuumudu umeme wa dunia nzima. Hofu yenyewe ina msingi, maana tofauti ipo kweli. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, Kenya na Uganda 240, Marekani 120, Japani 100. Lakini kwa upande wa simu tatizo hilo lilishamalizwa siku nyingi, tena ndani ya kichwa kile kile cha chaja unachokitumia kila usiku. Kilichobaki ni umbo la matundu ukutani, na hilo humalizwa na kipande kidogo cha plastiki na shaba. Hoja yangu ni kwamba msafiri hana sababu ya kulipia mashine ya kubadili volti. Fedha hiyo aitumie kupata adapta imara na chaja halisi, kwa sababu hatari ya kweli iko hapo.

Ushahidi unao mkononi. Kigeuze kichwa cha chaja upande wenye maandishi yale madogo ya kijivu, ulitafute neno INPUT. Karibu kila chaja ya simu ya siku hizi imeandikwa mbele yake 100–240V, 50/60Hz, yaani inapokea umeme wowote kati ya volti 100 na 240, uwe wa Hezi 50 kama wetu au 60 kama wa Marekani na Saudia. Chaja za zamani, zile nzito zenye transfoma ya chuma, ziligawa volti kwa kiwango kimoja tu: ukizipa nusu, zinatoa nusu. Za sasa huugeuza kwanza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja, kisha huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, huku sakiti ndogo ikipima kinachotoka na kukirekebisha papo hapo. Ndiyo maana volti 5 au 9 zinazoingia kwenye simu Tabora ndizo zinazoingia Los Angeles, na anayedai kwamba Marekani simu huchelewa kujaa kwa sababu ya volti ndogo amekosea. Karibu na maandishi hayo mara nyingi kuna pia alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake ni kwamba chaja imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa ethi, kwa hiyo kwa simu adapta ya pini mbili inatosha. Ikiwa maandishi yanasema 220–240V peke yake, hiyo ni chaja ya kuacha nyumbani.

Kuhusu umbo, ramani ya plagi imefuata historia kuliko umbali. Nchi zilizotawaliwa na Uingereza, au zilizokuwa na uhusiano nayo wa karibu, nyingi zilichukua plagi yake ya pini tatu bapa. Kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda London, Muscat au Dubai anachomeka chaja yake ya pini tatu kama yuko kwake. Saudia nayo imezifanya pini hizo kuwa kiwango rasmi, ingawa majengo ya zamani yana soketi za namna nyingine. Lakini mtu huyo huyo akivuka tu kuingia Burundi au Kongo, nchi zilizorithi mfumo wa Ubelgiji, anakuta soketi za pini za duara na chaja yake haiingii. Wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou hukuta matundu ya pini mbili bapa pamoja na ya pini tatu zilizolazwa mshazari. Istanbul ni pini mbili za duara, na Afrika Kusini bado inatumia pini tatu nene za duara. Swali la kuuliza dukani basi ni soketi za uendako zina umbo gani, wala si umeme wake una nguvu kiasi gani.

Wapo watakaosema hata hiyo adapta ni gharama ya bure, maana kalamu inatosha. Mazoea haya yameenea mno kwetu: mtu ana plagi ya pini mbili za duara, anachokonoa tundu la juu kwa kalamu au njiti, vifuniko vya ndani vinafunguka, anasukuma plagi, simu inachaji. Vifuniko hivyo viliwekwa kwa makusudi. Kiwango cha Uingereza cha soketi hizi, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, na pini ya ethi ilifanywa ndefu kuliko zile mbili ili iingie kwanza na kufungua njia, mtoto asiweze kutumbukiza msumari. Plagi ya Kiingereza pia ina fyuzi yake ndani, kwa kawaida ya ampea 3 au 13, inayokatika waya ukipata hitilafu. Kalamu inauruka ulinzi wote huo. Nakubali kwamba simu iliyochomekwa hivyo mara nyingi haiungui, kwa kuwa inavuta umeme kidogo sana. Madhara huja baadaye: pini zisizolingana hutanua midomo ya shaba ndani ya soketi, na siku pasi au jagi la umeme litakapochomekwa hapo, mshiko uliolegea utatoa cheche na joto. Adapta nzuri ya kuingia kwenye soketi zetu ina fyuzi, na hailegei ukiigusa.

Na zile adapta kubwa za nchi zote? Kwa anayepitia nchi tatu katika safari moja zina faida, mradi ziwe na fyuzi na pini zake zijifunge zikitolewa. Kwa wengine ni mzigo mzito unaoning'inia ukutani na kuchomoka usiku. Nyingi hazina ethi, na hilo ni muhimu kwa vifaa vya pini tatu vyenye bodi ya chuma. Zaidi ya yote, adapta ya kawaida haibadilishi volti hata kidogo. Kifaa cha kukaushia nywele cha wati 1,000 kilichotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, kikichomekwa kwenye 240 za Nairobi, kinalazimishwa kubeba mara nne ya nguvu yake mpaka kiungue, kwa sababu joto hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Pasi ya wati 1,000 ya volti 230 za Tanzania ikipelekwa Marekani itatoa takriban wati 270, isiweze kunyoosha hata leso. Transfoma ya kubadili volti ina kazi kwa vifaa vya namna hiyo, lakini kununua pasi huko huko ni nafuu zaidi.

Ushauri wa kununua chaja mpya ukifika ni mzuri, hasa kwa mwanafunzi atakayekaa miaka, ila asiokote ya bei ya kutupwa. Mwaka 2016 UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa vifaa, ilipima chaja bandia 400 za iPhone. Zaidi ya asilimia 99 zilifeli, na 12 kati yake zingeweza kumuua mtumiaji kwa shoti. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024 imezitaka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C, hivyo waya mmoja sasa unafaa simu nyingi. Ukutani hakuna makubaliano kama hayo. Kutegemea matundu ya USB ya hotelini na viwanjani nako si suluhisho, kwani mengi huchaji polepole. Isitoshe, Aprili 2023 ofisi ya FBI ya Denver iliwaonya watu dhidi ya vituo vya umma vya kuchajia, ikisema wahalifu wanaweza kuvitumia kuingiza programu hatari kwenye simu.

Anayetoka Mombasa kwenda Muscat na chaja ya pini tatu bapa hana cha kununua. Anayekwenda Chicago achukue adapta mbili ndogo, moja ikiwa ya akiba, na pasi yake aiache nyumbani.