Mama Mchungaji Naye Huzaa

Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, kina mama wa kanisa walijaa nyumbani hapa Kisesa, na uji, na samaki, na vigelegele. Niliwapokea vizuri. Wakishaondoka, nalia. Mtoto akilala mimi silali. Namsikiliza anavyopumua hadi jogoo wawike. Nimwambie nani? Wenye uchungu moyoni huja kwangu niwaombee.

Sonona ya uzazi haichagui nyumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Wengine huanza wakiwa wajawazito. Machozi ya siku za kwanza ni kawaida, hukauka yenyewe. Yakivuka wiki mbili, mama hali, halali, hata mtoto hamfurahishi, huo ni ugonjwa. Upo na mkali zaidi, wa mama 1 au 2 katika kila 1,000: ghafla anasikia sauti, anaongea yasiyoeleweka. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, na ndiye anayeletwa kwetu madhabahuni kwanza, watu wakemee pepo.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Waganda waliuita ugonjwa huo mkali amakiro, wakaulaumu uzinzi wa wakati wa mimba. Mgonjwa akabebeshwa na aibu. Daktari Mwingereza John Cox aliwachunguza kina mama wa Kasangati, Uganda, miaka ya 1970. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa maswali 10 ya kumtambua mama mwenye sonona. La mwisho linauliza kama amewaza kujidhuru. Katika maombi yote niliyofanyiwa, hakuna aliyeniuliza hilo.

Mume wangu aliomba kwa machozi, kisha tukapanda daladala hadi hospitali mjini. Daktari alinichagulia dawa ninayoweza kumeza huku nanyonyesha. Mama mkwe akawa analala na mtoto, nami nikapata usingizi. Imani yangu haikupungua. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akiomba afe, hakukemewa; alipewa mkate, maji na nafasi ya kulala.

Wachungaji, wekeni mikono, ombeni, halafu mpelekeni kituo cha afya, na msimwambie mtu aache dawa. Wake zenu waulizeni wanalalaje. Mimi nilimuuliza mmoja, mwenye kichanga, baada ya ibada. Akanijibu kwamba usingizi umemkimbia tangu ajifungue. Kesho yake asubuhi tulikwenda kituoni pamoja, na mumewe akabaki na watoto.