Kunde na Njahi kwa Ayala wa Marekani

Mkulima wa huku kwetu akiona kulungu ameingia katika kunde zake, hushika rungu na kuwaita mbwa. Huko Marekani wako wenye ardhi ambao hulima shamba, hutia mbolea na kupanda kunde kwa kusudi moja tu, yaani mnyama wa porini aje ale. Jambo hili lina maarifa yake, na lina hatari zake pia.

Mnyama mwenyewe ni ayala mwenye mkia mweupe. Kwa umbo afanana na kulungu, lakini pembe za dume huanguka kila mwaka wakati wa baridi, kisha huota upya. Kufika mwaka 1900 ayala hawa walikuwa karibu kwisha katika sehemu nyingi, kwa kuwa waliwindwa bila kiasi ili nyama na ngozi ziuzwe sokoni. Sheria za uwindaji zikatungwa na kushikwa, na leo yakadiriwa kuwa wamefika milioni 30 hivi. Wenye ardhi wengi hupenda kuwaona, na kuwawinda katika msimu uliowekwa na sheria. Ndiyo sababu huwapandia chakula.

Kwa nini chakula kipandwe, hali msitu una majani? Ayala mkubwa hula ratili 6 hadi 8 kwa siku, na chakula cha msituni hupungua mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni mwisho wa kiangazi chao, yaani miezi yao ya joto, majani yakomaapo na kuwa magumu. Wakati huo jike angali ananyonyesha, na pembe za dume zinamaliza kukua. Mara ya pili ni mwisho wa majira ya baridi, mbegu za miti zimekwisha kuliwa na machipukizi hayajatoka. Shamba la ayala hupandwa ili kuziba mapengo hayo mawili.

Kwa ajili ya kiangazi hupandwa kunde, soya na fiwi, ambazo Wakikuyu huziita njahi. Kunde na fiwi asili yake ni Afrika. Majani yake yana protini nyingi, ambayo hujenga mwili, maziwa na pembe. Kwa ajili ya baridi hupandwa, mwezi wa Agosti au Septemba, ngano, oti, klova na mimea ya jamii ya kabichi, ambayo majani yake huwa matamu zaidi yakipigwa na baridi kali.

Kabla ya kupanda, udongo hupimwa. Ukiwa na asidi nyingi hutiwa chokaa, tena miezi kadhaa mapema, maana chokaa haifanyi kazi kwa siku moja. Asiyefanya hivyo hupoteza bure fedha za mbolea. Vilevile, shamba dogo la kunde mahali penye ayala wengi huliwa lote kabla miche haijapata nguvu. Wenye busara huweka shambani kizimba kidogo cha waya. Wakilinganisha mimea iliyo ndani ya kizimba na ile ya nje, hujua mara moja ni kiasi gani kimeliwa.

Wengine huona ni heri kumwaga lundo la mahindi. Shauri hilo ni baya. Tumbo la ayala, kama la ng'ombe, hufanya kazi kwa msaada wa vijidudu, navyo huhitaji muda kukizoea chakula kipya. Ayala aliyekula vijiti majira yote ya baridi, akijazwa mahindi ghafula, aweza kufa hali tumbo limejaa. Tena lundo hukusanya vinywa vingi mahali pamoja. Kuna ugonjwa wa kukondesha, ulioonekana kwanza mwaka 1967 katika jimbo la Colorado, ambao hauna dawa, nao huenezwa kwa mate, mkojo na kinyesi. Kwa hiyo majimbo kadhaa yamekataza malundo. Shambani wanyama hutawanyika zaidi, ingawa hatari haiondoki kabisa.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko yote ni hesabu. Ayala jike aliyelishwa vizuri mara nyingi huzaa mapacha. Mwenye shamba akiongeza chakula bila kupunguza wanyama kwa uwindaji wa halali, baada ya miaka michache vinywa huzidi shamba, kisha huzidi msitu. Miche ya miti huliwa isikue, na mashamba ya majirani huvamiwa. Hapo yule aliyetaka kuwasaidia wanyama amewaletea njaa, na jirani yake amemletea hasara.

Mfugaji wa ng'ombe na mbuzi anaijua kanuni hii. Majani ya akiba huvusha kundi katika miezi ya shida. Hayawezi kulisha kundi lisilo na mpaka. Anayetaka kupanda majani, na ahesabu vinywa kwanza.