Kabla ya kuagiza kadi ya wayalesi Kariakoo, fungua kompyuta yako

Anayefuata mali Dar es Salaam kupitia Kobero na Kabanga anayajua maneno yaliyopigwa chapa kwenye risiti nyingi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nguo isipokufaa wewe itamfaa mwingine. Kadi ya wayalesi ya kompyuta ya mezani ni habari nyingine. Mashine ikiikataa, mteja wa kukupunguzia hasara utamtafuta kwa tochi.

Jirani yangu mmoja, mama aliyerejea kutoka Tanzania na kufungua ofisi ndogo ya kuchapa barua, aliagiza kadi "nzuri". Akaletewa Intel AX201. Kadi ni nzuri kweli, lakini hufanya kazi tu na mashine za Intel zilizoandaliwa kwa ajili yake, na ya mama huyo ni ya AMD. Kama karatasi ingeandikwa AX200 au AX210, fedha yake ingekuwa salama, kwani hizo hukubali Intel na AMD. Tarakimu moja tu!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujampa mtu fedha, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua sanduku na utazame bodi kubwa. Unatafuta tundu fupi la PCI Express, urefu wake kama sentimita mbili na nusu. Ukikuta yaliyo wazi ni marefu ya aina hiyohiyo, usihofu, kadi fupi hukaa humo pia. Lakini tundu la PCI ya zamani, ambalo mara nyingi ni jeupe na lina urefu wa sentimita nane na ushee, halipokei kadi hizi hata ulazimishe. Piga picha kwa simu na umpe anayesafiri. Picha hiyo haibishani na muuzaji.

Aidha, sanduku likiwa jembamba, kama yalivyo mengi ya ofisini yanayouzwa yakiwa yametumika, bati la nyuma la kadi lazima liwe fupi. Muulize muuzaji kama limo ndani ya boksi.

Halafu kuna draiva. Intel hutoa draiva za AX200 na AX210 kwa Windows 10 na 11. Mwenye Windows 7 atafute kadi ya zamani zaidi. Draiva ibebwe kwenye flashi, maana kompyuta isiyo na intaneti haiwezi kujipakulia draiva ya intaneti.

Mwenye mashine kongwe anunue kifaa cha USB. Mafundi wengine hukidharau. Mimi sikidharau, ila nyuma ya sanduku la bati mawimbi hudhoofika. Kiunganishe kwa waya mrefu wa USB, ukiweke juu ya meza.