Hoteli za Ufuo wa Kunduchi (2): Huduma Njema Huanzia Stoo

Wiki iliyopita tuliona jinsi Shirika la Utalii Tanzania, TTC, lilivyoundwa mwaka 1969, na jinsi pwani ya Mbezi hadi Kunduchi, wilayani Kinondoni, ilivyogeuka ndani ya miaka michache kutoka minazi na vijiji vya wavuvi ikawa ukanda wa hoteli kubwa. Leo tuyaache majengo tuwatazame watu: mgeni aliyefika pale na mhudumu aliyempokea. Hoja yangu naitamka mapema ili msomaji aipime kadiri tunavyokwenda. Huduma ya hoteli zile ilipodorora, lawama zote ziliangukia kwa wahudumu, wakaitwa wavivu na watu wasiojua kukarimu. Mimi nasema huduma ile ilifia stoo, na mhudumu akaachwa peke yake mbele ya mgeni kuomba radhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mgeni wa Kunduchi Beach Hotel alishika Barabara ya Bagamoyo, na baada ya kilomita zaidi ya 20 kutoka katikati ya jiji akakata kulia kuelekea baharini. Alipokewa na kuta nyeupe na matao yaliyofuata ujenzi wa kale wa mwambao. Mafundi hawakwenda mbali kutafuta mfano, kwani jirani tu yapo magofu ya Kunduchi, yenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya nguzo ambayo yalipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Bahari Beach ilikuwa na sura yake, nyumba za mawe ya matumbawe zilizoezekwa makuti. Africana nayo ilijengwa kama kijiji. Mgeni mwenyewe mara nyingi alikuwa Mjerumani, Mwitaliano au mtu wa Skandinavia, ametoka Serengeti na Ngorongoro, vumbi limemjaa hadi masikioni, na haja yake ilikuwa ndogo: maji ya kuoga, kitanda safi, samaki wa siku hiyo na bahari mlangoni.

Mtu huyu alizua mabishano makali. Mwaka 1970 gazeti la The Standard lilichapisha hoja na majibu kuhusu utalii katika nchi ya kijamaa, na Issa Shivji akayakusanya mabishano yale katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Wapinzani waliuliza: nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 inawezaje kuzika fedha za umma katika vitanda vya matajiri wa Ulaya, tena kwa kuwageuza vijana wake kuwa wabeba masanduku? Watetezi walijibu kwa neno moja zito, fedha za kigeni. Pande zote mbili zilikuwa na uzito wake. Lakini nikiyasoma mabishano yale leo naona mhudumu ametajwa kuliko alivyosikilizwa.

Na alikuwa na la kusema. Wafanyakazi wa hoteli na majumbani wa Dar es Salaam ni miongoni mwa watu wa kwanza waliopima nguvu ya vyama vya wafanyakazi katika nchi hii. Waligoma mwishoni mwa mwaka 1956, chini ya mkoloni, mwaka mmoja tu baada ya kuundwa kwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ambalo katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Watu waliothubutu hivyo hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha utu wao ni nini. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulipowakataza viongozi kiburi na dharau kwa walio chini yao, mpishi na dobi waliuelewa kabla ya mameneja wengi. Kumpelekea mtu chakula hakumdhalilishi mpelekaji. Kinachomdhalilisha ni kutumwa mezani mikono mitupu.

Serikali nayo haikuwa imelala. Mwaka huohuo wa 1969 ilipoundwa TTC, yalianza mafunzo ya hoteli na utalii katika chuo ambacho tangu 2003 kinaitwa Chuo cha Taifa cha Utalii, na ambacho leo kina kampasi hata Temeke, upande wa pili wa jiji. Kijana anayepanda daladala alfajiri kutoka Mbagala kwenda kujifunza kazi hii anaingia katika ufundi wenye kanuni zake. Mgeni huona matunda tu, na ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mtazame mhudumu wa vyumba aliyefundwa akafundika. Anabisha hodi, anataja kazi yake, anangoja, anabisha tena. Akiingia, kwanza anafungua mapazia na dirisha, kwa kuwa chumba cha pwani kikifungwa siku nzima hunuka ukungu. Shuka zilizolaliwa anazikunja kwa ndani, mchanga usimwagike sakafuni. Anakagua godoro, anatandaza shuka safi kwa mkupuo mmoja, anaivuta, kila pembe anaikunja mfano wa bahasha, kisha anapitisha kiganja kutoka mtoni hadi miguuni kutafuta kikunyanzi. Chandarua anakiinua kwenye mwanga kutafuta tundu. Bafuni anafungua mfereji asikie nguvu ya maji, anapangusa chumvi kwenye bomba, maana hewa ya bahari hula chuma usiku na mchana. Mwisho anawasha taa zote, hata ile ya kando ya kitanda ambayo wengi huisahau. Akikuta moja haiwaki, anaandika namba ya chumba kwenye karatasi ya zamu. Hapo kazi yake imekwisha na ya wengine imeanza: karatasi imfikie fundi, fundi aende stoo, na stoo iwe na balbu.

Stoo ndiyo iliyoanza kukosa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inasambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Watalii wengi wa kaskazini walikuwa wakiingilia Nairobi, na mpaka ule ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo kukawa na vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na sabuni, sukari na unga wa ngano vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Hoteli ya umma ilikuwa na tatizo lake la ziada ambalo watu wa nje hawakulijua. Ilipokea dola, lakini dola ile haikulala hotelini. Ilikwenda Benki Kuu, na meneja aliyetaka kipuri cha kiyoyozi au mashine ya kufulia ilimbidi aombe mgao wa fedha za kigeni, apange foleni nyuma ya viwanda, hospitali na mashamba. Kwa haki kabisa, hospitali ilitangulia. Lakini kitasa kilicholiwa na chumvi hakingoji mgao.

Basi ikawa kama wanavyokumbuka wengi waliolala katika hoteli za serikali za miaka ile, popote nchini. Balbu ilihamishwa kutoka chumba kisicho na mtu ikapelekwa chenye mtu. Maji ya kuoga yalipandishwa ngazi kwa ndoo. Na mezani weita mwenye sare iliyofifia lakini imepigwa pasi alisimama mbele ya mgeni mwenye menyu ya kurasa kadhaa, akamweleza kwa adabu zote kwamba leo kuna kuku tu, na kesho yake akamweleza hivyohivyo. Mgeni akarudi kwao akasema huduma ya Tanzania ni mbovu. Kwangu mimi, yule weita aliyepiga pasi sare yake nyakati ambazo hata pasi ya kazini ilikuwa haina waya wa kubadilishia ni mmoja wa wafanyakazi hodari waliopata kutokea katika nchi hii, na hakuna aliyemshukuru.

Pwani hii ina stoo nyingine, nayo ilikuwa inapungua: mchanga wenyewe. Mito kama Tegeta na Mbezi ndiyo iliyokuwa ikiuleta mchanga baharini na kuujaza ufuo. Jiji lilipokua, mchanga ukachimbwa mitoni ukaenda kufyatuliwa matofali. Miamba ya matumbawe iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi ikapasuliwa kwa uvuvi wa baruti. Bahari ikaanza kula nchi kavu. Africana, iliyokuwa na jina kubwa, ilikumbwa na mmomonyoko, ikaachwa, na leo wengi wanaijua kama jina la kituo cha daladala. Zile kuta za mawe zinazoingia baharini mbele ya hoteli zilizobaki zilijengwa kuunasa mchanga usihame, na kila ukuta humnufaisha aliyeujenga na mara nyingi humpunguzia jirani yake. Ukisimama pale unaielewa vizuri sababu ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kuzilinda mita 60 kutoka ukingo wa maji. Hoteli ya ufuoni isiyo na ufuo haiokolewi na mhudumu yeyote, hata awe malaika.

Kitu kimoja hakikupungua miaka yote hiyo, na hakikuhitaji dola: maarifa ya watu wa Kunduchi. Mgeni wa bara au wa Ulaya hajui maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na aliyezoea picha za matangazo hutoka chumbani saa 6 mchana akakuta bahari imekwenda zake, ameachiwa mwani na vidimbwi. Hukasirika, hudhani ameibiwa. Mhudumu aliyezaliwa pale humwambia tangu chai ya asubuhi: maji yatajaa saa 10, bwana, ukitaka kuogelea ngoja wakati huo, ukitaka kwenda kisiwani Mbudya, nahodha anaondoka sasa hivi kabla maji hayajakauka. Anajua kusi likivuma mwani huja kwa wingi, na kaskazi likitulia maji huwa meupe mpaka unaona chini. Maneno mawili ya namna hiyo humfaa mgeni kuliko taulo lililokunjwa umbo la ndege.

Mageuzi yalikuja. TTC iliondoka, Bodi ya Utalii ikaanzishwa kwa sheria mwaka 1992, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa au kukodishwa. Mjini, hoteli ya Kilimanjaro iliyojengwa miaka ya 1960 ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2005. Huku pwani, Kunduchi Beach na Bahari Beach ziliingia mikononi mwa wawekezaji binafsi, hii ya pili ikapata jina la Ledger Plaza. Jenereta zikanunuliwa, viyoyozi vikabadilishwa, balbu zikajaa makabatini. Ningependa kuandika kwamba hadithi iliishia hapo kwa furaha.

Lakini mgeni naye amebadilika. Mwisho wa wiki, wakati wa Idi, Krismasi na Pasaka, anayejaza hoteli za ufuo huu ni Mtanzania: semina ya wizara, harusi ya Sinza, familia ya Mwanza iliyowaleta watoto waione bahari. Katika hoteli moja ya ukanda huo, ambayo sitaitaja, nilifika na ndugu zangu kutoka Tabora tukiwa tumeshalipia vyumba. Mlinzi wa getini akatuuliza tunakwenda kwa nani, akachungulia ndani ya gari, akatuweka pembeni apige simu. Gari la wageni wa kizungu lilikuja nyuma yetu, kizuizi kikainuliwa, salamu ikatolewa. Shangazi yangu, mtu mzima aliyefunga safari ya siku nzima, hakusema kitu. Usiku ule hakushuka kula.

Simlaumu yule kijana. Mlinzi husema alichopewa kusema. Kama stoo ya zamani ilikosa balbu, ya sasa imekosa maelekezo, na anayeijaza ni meneja. Yeye ndiye anayeamua kama mlinzi atakuwa na orodha ya majina ya wageni wa siku hiyo ili aseme “Karibuni, mama, shikamoo” badala ya “Mnakwenda kwa nani?” Ndiye anayeamua kama karatasi ya zamu itajibiwa siku hiyohiyo, kama bakshishi iliyoachwa kwenye bili itamfikia dobi na mpishi au itaishia kaunta, kama mshahara utalipwa kwa tarehe na kama CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa sekta hii, kitakaribishwa ofisini au kitafungiwa mlango. Mhudumu anayeonewa jikoni hawezi kumtendea mgeni haki ukumbini kwa muda mrefu. Anaweza siku chache, kisha anachoka, nasi tunamwita mkali.

Kwa hiyo nawaomba wenye hoteli za ufuo huu, kabla ya kuagiza mtaalamu mwingine wa kufundisha tabasamu, wakae na wahudumu wao wa zamu ya usiku wawaulize ni vitu gani wanavikosa. Nanyi mliofanya kazi Kunduchi Beach, Bahari Beach, Africana au Silversands katika miaka ya 1970 na 1980, wapishi, madobi, mabawabu, manahodha, mwandikieni mhariri wa gazeti hili. Majengo yale yana picha nyingi, ila waliotandika vitanda vyake hawajaandikwa. Wiki ijayo tutapanda boti kwenda Mbudya na Bongoyo, tutazame nani anafaidika na visiwa hivyo na kwa utaratibu gani.

Itaendelea.