Mabaki ya binadamu yanapopatikana baada ya miaka 25: mashauri ya Post Chalmers, Afrika Kusini

Kila inapotangazwa kwamba mabaki ya mtu aliyetoweka miongo kadhaa iliyopita yamepatikana, wananchi huuliza swali moja: jalada lililofungwa zamani linafunguliwa kwa faida ya nani, hasa pale watuhumiwa walipokwisha kukiri? Mashauri mawili ya mji wa Port Elizabeth, ambao tangu mwaka 2021 unaitwa Gqeberha, yanatoa jibu. Katika mashauri hayo maungamo yalitangulia na mifupa ikafuata miaka mingi baadaye. Ilipopatikana, mifupa hiyo haikuthibitisha yote yaliyoungamwa.

Shauri la kwanza linamhusu Siphiwo Mtimkulu, kijana aliyekuwa mwanachama wa COSAS, umoja wa wanafunzi uliopinga utawala wa ubaguzi wa rangi. Alikamatwa na polisi tarehe 31 Mei, 1981, akakaa mahabusu kwa miezi kadhaa, akaachiwa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Muda mfupi baada ya kufika nyumbani aliugua. Miguu ilimuuma hata asiweze kusimama, na nywele zikaanza kunyonyoka. Madaktari wa Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town waligundua kwamba alikuwa amelishwa thaliamu, madini yenye sumu kali ambayo kwa miaka mingi yalitumika kutengenezea sumu ya panya.

Mtimkulu aliponea chupuchupu, lakini akabaki akitembelea kiti cha magurudumu. Pamoja na hali hiyo, alimfungulia mashtaka Waziri wa Polisi akidai fidia. Tarehe 14 Aprili, 1982 aliondoka na mwenzake, Topsy Madaka, na hawakurudi. Gari walilokuwa nalo lilikutwa karibu na mpaka wa Lesotho, na maelezo yaliyosambazwa yakawa kwamba vijana hao wamekimbilia nje ya nchi.

Maelezo ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida kwa wakati ule, na yalikubalika kwa urahisi kwa kuwa yalifanana na ukweli. Vijana wengi wa Afrika Kusini walikuwa wakivuka mpaka kwenda Lesotho, Botswana na Swaziland, na kutoka huko baadhi yao walifika Zambia na Tanzania. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe yuko uhamishoni hakuwa na njia ya kuhakikisha, na kwa hofu ya kumhatarisha hakuthubutu kuuliza sana. Wapo waliosubiri barua hadi mwaka 1990, vyama vya ukombozi viliporuhusiwa na watu wakaanza kurejea. Waliotarajiwa wasiporudi, ndipo familia zilipoelewa.

Shauri la pili lilitokea miaka mitatu baada ya lile la kwanza. Tarehe 8 Mei, 1985 viongozi watatu wa jumuiya ya wakazi weusi wa mji huo, iliyojulikana kwa kifupi kama PEBCO, walipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa anatoka ubalozi wa Uingereza, akitaka kukutana nao kwenye uwanja wa ndege. Sipho Hashe, Champion Galela na Qaqawuli Godolozi walikwenda. Hawakuonekana tena.

Maungamo mbele ya Tume

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, Serikali mpya iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Sheria Namba 34 ya mwaka 1995 iliyoanzisha Tume hiyo iliweka utaratibu wa msamaha ambao ni muhimu kuuelewa, kwa sababu mambo mengi yaliyofuata yanatokana nao. Mhusika wa uhalifu wa kisiasa angeweza kusamehewa asishtakiwe, lakini kwa sharti la kueleza ukweli wote kuhusu kitendo alichokifanya. Ukweli nusu haukutosha.

Joyce Mtimkulu, mama yake Siphiwo, alikuwa miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi mwaka 1996. Kabla ya siku yake kufika, maafisa wa zamani wa polisi walikwenda mahakamani kuizuia Tume isisikilize maelezo yanayowataja. Aliposikilizwa hatimaye, mwezi Juni mwaka huo, alileta ukumbini nywele za mwanawe zilizonyonyoka wakati wa ugonjwa. Alikuwa amezihifadhi kwa takriban miaka 15. Kwa upande wa familia, huo ndio ulikuwa ushahidi pekee wa kushikika.

Baadaye maafisa wa Idara ya Usalama ya polisi, akiwemo Gideon Nieuwoudt, waliomba msamaha katika mashauri yote mawili. Maelezo yao yalifanana. Walisema wote watano walipelekwa Post Chalmers, kituo cha polisi kilichokuwa kimeachwa, karibu na mji wa Cradock. Kwa kauli yao, walitiliwa dawa ya usingizi katika kahawa, wakapigwa risasi wakiwa wamelala, miili ikachomwa usiku kucha kwa kuni na dizeli, na majivu yakatupwa katika Mto Fish.

Maelezo hayo yalikuwa na manufaa mawili kwa waliyoyatoa. Yalieleza kifo kisicho na maumivu, na yalieleza kwamba hakuna kilichobaki cha kutafutwa. Hata hivyo, katika shauri la PEBCO baadhi ya askari weusi waliokuwepo, miongoni mwao Joe Mamasela, waliieleza Tume kwamba viongozi hao watatu waliteswa kwa kipigo kikali. Nieuwoudt alinyimwa msamaha katika shauri hilo, na mwaka 2004 yeye na wenzake wawili walifunguliwa mashtaka. Alifariki dunia mwaka 2005 kabla ya kesi kufika mwisho, na kesi hiyo ikakwama.

Kazi ya kutafuta

Tume ilipomaliza kazi iliacha orodha ya watu wanaokaribia 500 ambao hatima yao haikujulikana, ikapendekeza kiundwe chombo cha kuwatafuta. Mwaka 2005 kikaundwa Kikosi Kazi cha Kutafuta Watu Waliotoweka, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka, kikiongozwa na Madeleine Fullard, mtafiti aliyepata kufanya kazi katika Tume. Uamuzi wa kukiweka ndani ya ofisi ya mashtaka una maana yake: kinachochimbuliwa hushughulikiwa kama kielelezo cha kesi tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna mshtakiwa aliye hai.

Kikosi hicho kilishirikiana na wataalamu kutoka Argentina, nchi ambayo tangu mwaka 1984 imekuwa na timu maalumu ya kuchunguza mabaki ya watu waliotoweshwa na utawala wa kijeshi. Timu hiyo ilifundishwa na mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, Clyde Snow, na uzoefu wake umetumika katika nchi nyingi.

Mwaka 2007 wataalamu walifanya uchunguzi katika eneo la Post Chalmers. Katika shimo la zamani la maji taka walikuta vipande vya mifupa ya binadamu iliyoungua. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba kila kitu kilitupwa mtoni. Waliochoma miili walikuwa wameyatupa mabaki hatua chache kutoka mahali pa mauaji, na kwa miaka zaidi ya 20 yalikuwa pale pale, katika eneo ambalo lilitajwa waziwazi mbele ya Tume.

Uchunguzi wa namna hii hufanyika polepole, na jamaa wanaosubiri hawana budi kuelezwa sababu. Udongo hautolewi kwa pupa. Eneo hugawanywa katika vyumba vidogo vilivyopimwa, kila tabaka huondolewa peke yake, na udongo wote hupitishwa kwenye chekecheke ili jino au kipande cha mfupa kisipotee. Mahali kila kitu kilipokutwa huandikwa na kupigwa picha. Rangi ya mfupa nayo husomwa: mfupa ulioungua kwa moto wa kiasi huwa mweusi, ule uliokaa katika moto mkali kwa muda mrefu huwa wa kijivu na hatimaye mweupe. Risasi, vifungo vya nguo au vipande vya bati vikikutwa humo hupewa uzito ule ule wa mfupa.

Baada ya hapo hutafutwa utambulisho. Njia inayofahamika zaidi ni ya vinasaba, ambapo mfupa au jino hulinganishwa na sampuli ya mate au damu ya ndugu. Kwa mtu aliyetoweka muda mrefu, ndugu wa upande wa mama wana nafasi ya pekee, kwa kuwa ipo sehemu ya vinasaba ambayo kila mtoto hurithi kwa mama tu, na sehemu hiyo hudumu katika mfupa mkongwe kuliko nyingine. Lakini moto mkali huangamiza vinasaba. Kwa vipande vilivyoungua kupita kiasi, mtaalamu hulazimika kutegemea mahali, idadi, vitu vilivyoambatana na mabaki na ushahidi wa waliokuwepo. Katika hali hiyo familia huweza kuthibitishiwa kwamba mpendwa wao alifia hapo, bila kuonyeshwa ni kipande kipi kilicho chake. Ni jibu gumu kulipokea, na si haki kulificha ili kurahisisha shughuli.

Mabaki ya Post Chalmers yalikabidhiwa kwa familia na kuzikwa mwaka 2009. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu Mtimkulu na Madaka waondoke nyumbani.

Sheria inasemaje

Wapo wanaodhani kwamba muda ukipita sana jinai hufutika. Kwa Afrika Kusini, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1977 inaweka ukomo wa miaka 20 kwa makosa mengi, lakini mauaji yamewekwa nje ya ukomo huo. Muuaji anaweza kushtakiwa wakati wowote akiwa hai.

Iwapo hakuna wa kushtakiwa, iko njia nyingine. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1959, pamoja na marekebisho yake, inamruhusu Waziri wa Sheria kuomba jaji afungue upya uchunguzi uliokwisha kufungwa. Jaji hasemi nani afungwe. Kazi yake ni kutamka marehemu ni nani, amekufa lini, kwa sababu gani, na kama kifo hicho kilisababishwa na kosa la mtu fulani. Ni kwa njia hii mwaka 2017 Mahakama ilitamka kwamba Ahmed Timol, aliyedaiwa kujirusha kutoka jengo la polisi mwaka 1971, aliuawa. Mwezi Oktoba 2025 uamuzi wa zamani kwamba Chifu Albert Luthuli aligongwa na treni mwaka 1967 nao ukatenguliwa, na Mahakama ikatamka kwamba alikufa kutokana na kipigo.

Utambuzi wa mabaki una faida za kiraia pia, ambazo hazitajwi sana katika vichwa vya habari. Bila mwili na bila cheti cha kifo, mke hajui kama ni mjane, mirathi haigawanywi kwa urahisi, na jina la mtu hubaki katika kumbukumbu kana kwamba anaishi mahali fulani. Kuna njia za kisheria za kumhesabu mtu kuwa amefariki baada ya kupotea kwa muda mrefu, lakini familia nyingi husita kuzitumia, kwa sababu mwombaji ndiye hulazimika kutamka mbele ya hakimu kwamba mwanawe au mumewe amekufa.

Kikosi Kazi hakishughulikii waliotoweka peke yao. Mwaka 2016 Serikali ya Afrika Kusini ilizindua mpango wa kufukua mabaki ya wafungwa wa kisiasa walionyongwa katika gereza la Pretoria. Serikali ya wakati ule ilikuwa haizikabidhi maiti zao kwa familia, ikizizika yenyewe katika makaburi ya wasio na ndugu. Wasomaji wa Tanzania wanalifahamu jina la mmoja wa walionyongwa Pretoria: Solomon Mahlangu, aliyeuawa tarehe 6 Aprili, 1979, ambaye jina lake lilipewa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini iliyojengwa Mazimbu, mkoani Morogoro, mahali ambapo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Pale Mazimbu pana makaburi ya raia wa Afrika Kusini waliofia uhamishoni.

Lililobaki bila jibu ni kwa nini mashauri mengi ambayo Tume ya Ukweli iliyakabidhi kwa waendesha mashtaka hayakuendelezwa kwa zaidi ya miaka 20, huku watuhumiwa na mashahidi wakifariki mmoja baada ya mwingine. Familia za waathirika zilikwenda mahakamani kudai maelezo. Mwezi Mei 2025 Rais Cyril Ramaphosa aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Sisi Khampepe, ikiwa na jukumu la kubaini kama kulikuwa na jitihada za makusudi za kuzuia upelelezi na mashtaka hayo. Mwezi uliofuata, mjini Gqeberha, Mahakama ilianza upya kusikiliza uchunguzi wa vifo vya wanaharakati wanne wa Cradock waliouawa mwezi Juni 1985, wiki chache tu baada ya viongozi wa PEBCO kuitwa uwanja wa ndege.